Saratani ya Ovari Inaporudi kwa Mlango Usiotarajiwa

Mama mmoja mwenye umri wa miaka 58 aliingia katika kliniki yetu akiwa ameikusanya khanga yake mbele ya tumbo, kama mtu anayeficha doa. Alipoketi aliomba radhi kwa kunipotezea muda, kisha akaeleza kwamba ana fangasi ya kitovu isiyosikia dawa. Ilikuwa imemsumbua kwa miezi minne. Katika kituo cha kwanza alipewa dawa ya kupaka. Katika cha pili aliambiwa ni ngiri ya kitovu, asubiri zamu ya upasuaji mdogo. Nilipomlaza na kukigusa kitovu, kidole changu kilikutana na kivimbe kigumu kama kokwa ya tende, kisichorudi ndani kwa kubonyezwa, na ngozi iliyokifunika ilikuwa imekoza rangi ya zambarau.

Miaka miwili kabla ya siku hiyo, katika hospitali nyingine, mama huyo alikuwa ameondolewa ovari zote mbili, kizazi na pazia la mafuta linalofunika utumbo, kisha akamaliza mizunguko sita ya tibakemikali. Hakuna aliyemwuliza habari hizo katika vituo viwili alivyopita, naye hakuzisema. Nilipomwuliza kwa nini, alinitazama kwa mshangao wa kweli.

“Daktari, yale si yalikwisha?”

Nimebadilisha baadhi ya mambo ili mama huyo asitambulike, lakini swali lake nimeliacha lilivyo, kwa sababu ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Saratani ya ovari inaporudi, mara nyingi hurudi tumboni, na dalili zake kila mgonjwa hufundishwa. Lakini wakati mwingine hupitia kitovu, shingo, mguu, macho, mgongo au hata namna mtu anavyotembea. Hapo mgonjwa huenda kwa mhudumu asiyejua historia yake, na mhudumu huyo hutibu kile anachokiona. Kinachoweza kuuunganisha mlango mpya na ugonjwa wa zamani ni sentensi moja tu, itakayosemwa na mgonjwa au kuulizwa na mhudumu: “Niliwahi kutibiwa saratani ya ovari.”

Kwa nini hurudi, na kwa kawaida hurudi wapi

Kila mwaka wanawake zaidi ya 300,000 duniani hugunduliwa kuwa na saratani ya ovari, na zaidi ya 200,000 hufariki kwa ajili yake. Ukali huo unatokana kwa sehemu kubwa na mahali ovari zilipo. Viungo hivi viwili vinavyotengeneza mayai ya mwanamke vinaning'inia ndani ya nyonga, na hakuna ukuta unaovitenga na sehemu nyingine za tumbo. Chembe za saratani zikibanduka huangukia katika majimaji machache yanayolainisha utando wa tumbo. Kila tunapovuta pumzi, na kila utumbo unapojikunja, majimaji hayo husogea, hupanda upande wa kulia hadi chini ya kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na kuziacha chembe kila yanapopita. Ndiyo maana wanawake wengi hugunduliwa wakiwa tayari katika hatua ya tatu au ya nne.

Upasuaji huondoa kinachoonekana kwa macho, na tibakemikali huua sehemu kubwa ya kisichoonekana. Mwishoni mwa matibabu wagonjwa wengi huwa katika hali tunayoiita utulivu: picha ni safi, kipimo cha damu kimeshuka, mwili umepata nguvu. Hata hivyo chembe chache zinaweza kubaki zikiwa ndogo mno kuonekana kwa CT skani. Miongoni mwa waliogunduliwa katika hatua ya tatu au ya nne, takriban saba hadi nane kati ya kumi hurudiwa na ugonjwa, wengi wao ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza. Waliogunduliwa mapema, ugonjwa ukiwa bado ndani ya ovari, wana matumaini makubwa zaidi kuwa hautarudi.

Dalili za kawaida za kurudi ni tumbo kujaa au kufura, kushiba baada ya matonge machache, maumivu ya nyonga, kukojoa mara kwa mara, na choo kubadilika tabia. Hizi nazo hupotezwa mara nyingi kwa kuitwa gesi, vidonda vya tumbo au mambo ya utu uzima. Lakini angalau mgonjwa aliyefundishwa huzitambua. Makala haya yanahusu zile zinazomshangaza hata yeye.

Kitovu, makovu na mitoki

Kivimbe cha kitovu nilichokieleza kina jina katika vitabu vya tiba, na asili ya jina hilo inafaa kukumbukwa na kila muuguzi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota nchini Marekani, mtawa aliyeitwa Mary Joseph Dempsey alikuwa msaidizi wa Dkt. William Mayo katika chumba cha upasuaji. Alipokuwa akisafisha ngozi za wagonjwa kabla ya kisu, aliona kwamba wenye kivimbe kigumu kitovuni hukutwa na saratani iliyoenea tumboni. Mwaka 1949 daktari mpasuaji Mwingereza Hamilton Bailey akakipa kivimbe hicho jina la mtawa huyo. Dalili hiyo ilitambuliwa kwa mikono ya muuguzi, bila mashine yoyote.

Ngiri ya kitovu kwa kawaida ni laini, na hurudi ndani mtu anapolala au inapobonyezwa taratibu. Kivimbe cha saratani ni kigumu, hakirudi, na kinaweza kuchubuka au kutoa majimaji. Ngiri iliyobanwa nayo inaweza kuwa ngumu, lakini hiyo huja ghafla ikiwa na maumivu makali, na ni dharura. Uvimbe mgumu unaweza kuota pia katika kovu la upasuaji, au mahali ilipopita sindano ya kutolea maji tumboni. Kovu lililopona vizuri halipaswi kuanza kuvimba baada ya mwaka mmoja au miwili.

Saratani hii husafiri pia katika mishipa ya limfu. Mtoki mgumu usiouma juu ya mtulinga, hasa upande wa kushoto, katika kwapa au katika kinena, unastahili kuchunguzwa kwa sindano au kwa kukatwa kinyama. Uvimbe ukiwa katika titi tuwe waangalifu zaidi: saratani ya ovari inaweza kufika huko, lakini wanawake waliorithi mabadiliko katika jeni za BRCA wamo pia katika hatari ya kupata saratani mpya ya titi. Tiba zake ni tofauti, kwa hiyo kukisia hakutoshi. Jibu litoke maabara.

Kifua, mguu na mgongo

Katika nchi zetu, mtu mwenye kikohozi, aliyepungua uzito na mwenye maji kifuani hufikiriwa kwanza kuwa na kifua kikuu. Ni sawa, kwa kuwa kifua kikuu kipo na kinaua. Lakini utando wa mapafu ni mojawapo ya sehemu ambazo saratani ya ovari huzifikia. Mwanamke aliyewahi kutibiwa saratani hii akipata maji kifuani, majimaji yanayotolewa yagawanywe: sehemu ipimwe vimelea vya kifua kikuu, na sehemu ipelekwe kutafutwa chembe za saratani. Kumwanzishia dawa za kifua kikuu za miezi sita bila kutuma sampuli ya pili ni kumfungia mlango. Kosa la upande wa pili lipo pia: kifua kikuu cha tumbo huleta maji, huleta vivimbe katika utando wa tumbo na hupandisha kipimo cha CA-125, kikafanana kabisa na saratani iliyorudi. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa kwamba saratani imeshinda, ilhali ana ugonjwa unaopona, tumemdhulumu vikubwa.

Mguu mmoja unaovimba ghafla, ukauma au kupata joto, unaweza kuwa na damu iliyoganda katika mshipa wa ndani. Uhusiano wa saratani na damu kuganda ulielezwa mwaka 1865 na daktari Mfaransa Armand Trousseau, na saratani ya ovari imo miongoni mwa zile zinazogandisha damu sana. Bonge hilo likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua kwa dakika chache. Nimeona mguu wa namna hii ukiitwa matende, na mwingine ukikandwa kwa maji ya moto kwa wiki nzima. Mguu uliovimba kwa mgonjwa wetu usikandwe. Upelekwe ultrasaundi ya mishipa siku hiyo hiyo. Mitoki ya nyonga iliyovimba nayo inaweza kubana mishipa na kuujaza mguu maji polepole. Vivyo hivyo uvimbe unaweza kuubana mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo, na mgonjwa akalalamikia ubavu, akatibiwa maambukizi ya mkojo mara tatu, na figo ikaendelea kuharibika.

Mifupa hufikiwa mara chache na saratani ya ovari. Kwa sababu ni mara chache, hakuna anayeifikiria. Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku mgonjwa akiwa amelala, yanayomzunguka kifuani kama mshipi, au yanayozidi anapokohoa, yasiitwe baridi yabisi kwa mwanamke huyu kabla ya kuchunguzwa. Yakifuatana na miguu kulegea, ganzi ya sehemu za siri, au mkojo na choo kugoma au kutoka bila hiari, basi uti wa mgongo unabanwa. Hiyo ni dharura ya saa, na haingoji siku ya kliniki. Apewe deksamethasoni na apelekwe mara moja panapopatikana picha ya MRI na tiba ya mionzi au upasuaji. Anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Anayefika akiwa amekwisha kupooza, mara nyingi hatuwezi kumrudishia miguu yake.

Kichwa, mwendo, ngozi na mikono

Saratani ya ovari hufika ubongoni kwa mgonjwa mmoja au wawili tu kati ya mia. Kichwa kinachouma zaidi asubuhi kikiambatana na kutapika, mtukutiko wa kwanza maishani kwa mtu mzima, udhaifu wa upande mmoja, au tabia inayobadilika hata ndugu wakasema “huyu si mama tunayemjua”, vyote vinahitaji picha ya ubongo. Malaria ipimwe, shinikizo la damu lipimwe, lakini majibu yakiwa mazuri safari isiishie hapo.

Kuna dalili nyingine za ajabu zaidi, ambazo hazitokani na chembe za saratani kufika mahali hapo. Kinga ya mwili, katika kupigana na saratani, hutengeneza kingamwili ambazo kwa bahati mbaya hushambulia pia viungo vizima. Katika saratani za ovari na za titi, kingamwili moja inayoitwa anti-Yo huandamana na uharibifu wa ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa, ambao kazi yake ni kupima na kupatanisha miondoko. Mgonjwa huanza kuyumba kama mlevi, ulimi hukokota maneno, kikombe humwagika kabla ya kufika mdomoni, na macho huona vitu viwili viwili. Haya hukua kwa siku au wiki chache. Huweza kutokea wakati uvimbe ni mdogo mno au bado haujaonekana. Majirani hunena juu ya pombe au kurogwa. Mhudumu naye huandika kizunguzungu. Uharibifu huo mara nyingi haurudi nyuma hata saratani ikitibiwa, kwa hiyo kila wiki inayopotea ina gharama.

Ngozi na misuli pia vina ishara yao. Katika ugonjwa uitwao dematomiositi, mgonjwa hushindwa kunyanyuka kutoka kitini bila kujisukuma kwa mikono, hushindwa kupanda ngazi, na mikono huchoka anaposuka nywele au kuanika nguo. Kope hupata rangi ya zambarau, na vifundo vya vidole hupata mabaka. Vitabu vingi huonyesha mabaka hayo kwenye ngozi nyeupe. Kwa ngozi zetu huonekana kama weusi uliokoza au rangi ya kijivu, na ni rahisi kudhani ni mzio wa sabuni. Kwa wachache, viganja huwa vinene na vigumu, viungo vikauma, na vidole vikajikunja kuelekea ndani. Dalili hizi zinaweza kutangulia saratani yenyewe, na aliyezipata mara ya kwanza anaweza kuzipata tena ugonjwa unaporudi.

Damu inayotoka ukeni kwa mwanamke aliyekwisha kuondolewa kizazi nayo haina maelezo mepesi. Achunguzwe kwa macho, na sehemu ya juu ya uke itazamwe vizuri.

Miaka mingi baadaye

Wengi wamesikia kwamba ukipita miaka mitano umepona. Kwa aina nyingi za saratani ya ovari kauli hiyo inakaribia ukweli, lakini si kwa zote. Uvimbe unaotokana na chembe za granulosa, ambazo kazi yake ni kutengeneza homoni za kike, hukua polepole na hujulikana kwa kurudi baada ya miaka 10, hata 20. Mwenye aina hii anahitaji kufuatiliwa maisha yake yote, na kipimo chake cha damu ni inhibini, wala si CA-125. Hapo ndipo unapoonekana umuhimu wa mgonjwa kujua jina kamili la saratani aliyokuwa nayo, zaidi ya kusema “uvimbe wa kizazi”.

Mitego minne ya kufikiri

Mtego wa kwanza ni kuilaumu dawa. Paklitakseli, inayotumika sana pamoja na kaboplatini, huleta ganzi ya nyayo na vidole. Ganzi hiyo huanza wakati wa matibabu, hushika pande zote mbili kwa usawa, kisha hupungua au hubaki palepale. Ganzi inayoanza upya miezi kadhaa baada ya dawa kumalizika, inayoshika upande mmoja au inayopanda juu kwa kasi, isihesabiwe kuwa ni ya dawa.

Mtego wa pili ni kuiamini CA-125 kupita kiasi. Takriban saratani moja kati ya tano za ovari haitoi kiasi cha kutosha cha protini hiyo, kwa hiyo kipimo kizuri hakiifuti dalili mbaya. Nacho hupanda pia kwa kifua kikuu cha tumbo, ini lililosinyaa, moyo ulioshindwa kufanya kazi, ujauzito na hata hedhi. Linganisha namba na namba za nyuma za mgonjwa huyo huyo, kisha umtazame mgonjwa mwenyewe.

Mtego wa tatu ni ugonjwa tulio na mazoea nao. Malaria, maambukizi ya mkojo, vidonda vya tumbo na kifua kikuu ni vingi, na ni haki kuvifikiria kwanza. Lakini tiba sahihi ikishindwa mara moja, swali la pili lisiwe “tuongeze dozi ipi?” Liwe “nini kingine kimewahi kumpata mama huyu?”

Mtego wa nne unatuhusu sisi na familia. Katika desturi zetu ndugu huwaomba madaktari wasimwambie mgonjwa jina la ugonjwa, “asije akakata tamaa”. Mwanamke ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba alikuwa na saratani hawezi kuitaja kwa mtu yeyote. Huruma ile ya siku ya kwanza huweza kumgharimu miaka miwili baadaye, anapokaa mbele ya tabibu mgeni akisema tu kwamba aliwahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo.

Je, kuwahi kunasaidia?

Swali hili linastahili jibu la haki, kwa sababu si kila kuwahi huongeza maisha. Mwaka 2010 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Gordon Rustin wa Uingereza. Wanawake 529 waliokuwa katika utulivu, ambao CA-125 yao ilikuwa imepanda maradufu ya kiwango cha juu cha kawaida, waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilianza tibakemikali mara moja. Jingine lilisubiri hadi dalili zilipoonekana. Kundi la kwanza lilianza dawa karibu miezi mitano mapema, lakini halikuishi zaidi: wastani ulikuwa takriban miezi 26 dhidi ya 27. Lililoongezeka kwao ni muda wa kuishi na madhara ya dawa.

Utafiti huo umetufundisha tusikimbilie namba ya damu kwa mgonjwa anayejisikia vizuri, na hauturuhusu kuzipuuza dalili. Ulifanyika kabla ya dawa mpya za aina ya olaparibu, na kabla ya ushahidi wa upasuaji wa pili. Mwaka 2021 majibu ya utafiti uitwao DESKTOP III, uliohusisha wagonjwa 407, yalionyesha kwamba kwa wanawake waliochaguliwa kwa uangalifu, ambao ugonjwa wao ulirudi baada ya miezi sita au zaidi, upasuaji wa pili uliofuatwa na tibakemikali uliongeza wastani wa maisha kutoka miezi 46 hadi karibu 54. Masharti yake ni kwamba mgonjwa awe na nguvu, maji ya tumbo yawe machache, na upasuaji wa kwanza uwe uliondoa uvimbe wote. Mgonjwa anayezungushwa hadi nguvu zimwishe hupoteza sifa hizo kabla hajamfikia mpasuaji.

Zipo faida zisizopimwa kwa miezi. Kuwahi huokoa miguu inayotembea, figo inayofanya kazi na pafu lisilozibwa na bonge la damu. Kuwahi humwepusha mtu na fedha zinazoliwa na dawa zisizo zake. Na humpa nafasi ya kuamua mwenyewe, angali na nguvu za kuamua.

Kwa mgonjwa na kwa mhudumu

Mama unayesoma haya baada ya matibabu, sikuandiki ili kila maumivu yakunyime usingizi. Kichwa kitauma kwa sababu ya jua, na mgongo kwa sababu ya ndoo. Jiulize mambo matatu: Je, dalili hii ni mpya kwangu? Je, imedumu wiki mbili? Je, inazidi? Majibu yakiwa ndiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Na yapo yasiyongoja hata kesho: miguu kulegea au mkojo kugoma, mguu mmoja kuvimba au pumzi kukata ghafla, mtukutiko au kuchanganyikiwa, na tumbo kufura ukitapika huku choo na hewa havitoki.

Hudhuria kliniki hata ukijisikia mzima. Kwa kawaida ni kila miezi mitatu katika miaka miwili ya kwanza, kisha kila miezi minne hadi sita mpaka mwaka wa tano. Na utembee na karatasi moja pochini. Iandikwe aina ya saratani na hatua yake, tarehe ya upasuaji na kama uvimbe wote ulitoka, majina ya dawa na tarehe ya dozi ya mwisho, na CA-125 ya mwisho wa matibabu. Mwombe daktari wako akuandikie. Ionyeshe kila mlango utakaopiga hodi, hata kwa daktari wa macho, hata kwa anayekung'oa jino.

Nawe mhudumu mwenzangu wa zahanati au kituo cha afya, ongeza swali moja kwa kila mwanamke mtu mzima mwenye tatizo lisilopona: “Mama, umewahi kutibiwa saratani, au kufanyiwa upasuaji wa tumbo au wa kizazi? Walikuambia walitoa nini?” Akijibu ndiyo, pitisha mikono yako mahali patano: juu ya mitulinga, kwapani na matitini, kitovuni na kwenye makovu, kinenani, kisha ulinganishe miguu yote miwili. Mwambie atembee hatua kumi na anyanyuke kitini bila kushika. Huhitaji umeme kwa kazi hiyo, na inachukua dakika chache. Katika barua ya rufaa, saratani yake ya zamani iandikwe mstari wa kwanza.

Kinyama kilichokatwa katika kitovu cha yule mama kilithibitisha kwamba saratani yake imerudi. Kwa kuwa muda mrefu ulikuwa umepita tangu dozi ya mwisho, dawa za awali zilimfaa tena, na alipata zaidi ya mwaka wa nafuu, akilima bustani yake ya mchicha na kuja kliniki akiwa na karatasi yake ndani ya mfuko wa plastiki. Ugonjwa uliporudi mara ya tatu, yeye mwenyewe alikataa dawa zaidi. Alifariki nyumbani kwake, maumivu yakiwa yametulizwa kwa mofini ya maji.

Siwezi kudai kwamba ile miezi minne ya dawa ya fangasi ilimfupishia maisha. Aliniambia jinsi ilivyokuwa kwake: alikuwa akijificha na khanga, akiona aibu kwa uchafu aliodhani ni wake. Kivimbe kile mtu yeyote angeweza kukigusa, na swali lile yeyote kati yetu angeweza kuliuliza siku ya kwanza.